Ombi la Watumishi Wote wa Hospitali Kuvua Sare

Tarehe 22

Ndugu Mganga Mkuu wa Hospitali,

Ninakuandikia nikiwa nimeegemea ukuta, kwa sababu nikiinama mezani damu yote inakimbilia kwenye jino. Natumaini wewe na meno yako hamjambo.

Mimi ni yule fundi wa kibanda cha bati kinachotazama lango lako. Sare za hospitali yako nimezishona tangu enzi za mganga mkuu aliyekutangulia: makoti meupe ya madaktari, magauni ya wauguzi, mashuka ya wodini, hata pazia la chumba cha kujifungulia. Mwaka juzi nilipima hapo hapo kwako nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Nilianza dawa wiki ile ile, na ninazimeza kila jioni baada ya taarifa ya habari. Afya yangu ni nzuri, isipokuwa gego moja la chini upande wa kulia, ambalo limeoza na kunivimbisha shavu mpaka wateja wananiuliza nimeficha kiazi cha nani.

Barua hii inahusu gego hilo. Inahusu pia usalama wa watumishi wako, ambao kwa kweli unaninyima usingizi kuliko jino lenyewe. Nina tabia ya kuandika shajara, kwa hiyo mambo nitakayoeleza yana tarehe zake, nami nimeyapanga kwa nambari ili yasikuchoshe.

1. Kuhusu kiti chekundu.

Kwenye korido ya kliniki ya meno kuna benchi mbili za mbao ambazo wagonjwa hukaa wamebanana kama nguo kwenye sanduku. Mwisho wa korido, karibu na ndoo ya deki, kuna kiti kimoja chekundu cha plastiki. Hicho ni changu na wenzangu tunaomeza dawa za kupunguza makali. Hakijaandikwa kitu, lakini nilipofika mara ya kwanza, tarehe 4, muuguzi wa pale, yule mrefu, alisoma kadi yangu akaninyooshea kidole. "Fundi, wewe kaa kile cha kule."

Sina ugomvi na kiti. Kina nafasi, kina upepo, na hakuna anayekuegemea akikusimulia habari za jino lake. Siku ile mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitaka kukikalia nilipoinuka kujinyoosha, na muuguzi mrefu akaruka kama aliyeona nyoka. "Mama, hapana, sio hicho. Hicho kina mwenyewe." Mama akaniangalia. Benchi zote mbili zikaniangalia. Sijawahi kutambulishwa kwa watu wengi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Malalamiko yangu ni mawili tu. Kwanza, mguu mmoja wa nyuma una ufa, na mtu mwenye cheo chake hapaswi kuketi huku ameshika ukuta. Pili, tarehe 11 alikuja binti mmoja, kadi yake ameikumbatia kifuani. Alinitazama mimi, akakitazama kiti, akamtazama muuguzi anavyonitazama. Akaikunja kadi, akaitia kwenye pochi, akatoka. Nilikuwa tayari nimeinuka kumpisha. Sijamwona tena, hata kwenye dirisha la dawa. Naomba kiti kirekebishwe mguu.

2. Kuhusu glavu za mapokezi.

Karani wa mapokezi akiniona naingia getini huvaa glavu kabla sijafika dirishani. Hupokea kadi yangu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya kwenye unga. Hilo ni jema, usafi haujawahi kumdhuru mtu. Tatizo ni kwamba akishamaliza na mimi havui. Kwa glavu zile zile hupokea kadi ya anayenifuata, hujikuna sikio, huongea na simu ya shemeji yake, na tarehe 11 nilimwona akila karanga. Kwa hiyo aliyekingwa ni mimi peke yangu. Wote walionifuata, na sikio, na shemeji, wameachwa wazi. Naomba nao wafikiriwe.

Pale dirishani nina pia kalamu yangu mwenyewe, imefungwa kwenye msumari kwa uzi ili isitembee. Uzi wenyewe alikuja kuomba kwangu mwanzoni, kabla hajaniogopa, kalamu ikiwa bado ya wote. Ni uzi mzuri.

3. Kuhusu vipimo vinavyokuja kwa karatasi.

Zamani watumishi wako walikuja kibandani, wakasimama, nikawapima kwa futi, tukacheka. Tangu habari zangu zilipotoka kwenye faili na kuanza kutembea zenyewe kwenye korido zako, hawaji. Kitambaa huletwa na mlinzi, na vipimo huja kwenye kipande cha karatasi, kila mtu amejipima mwenyewe. Ndugu Mganga Mkuu, binadamu hajui kusema ukweli kwa sentimita. Matroni alijiandikia kiuno cha mwaka alioolewa. Muuguzi mrefu alijipima urefu huku ameinama kusoma futi, kwa hiyo gauni lake linaishia mahali ambapo mgonjwa wa presha hatakiwi kutazama. Daktari wa meno alijipima akiwa amebana tumbo, na tumbo likamrudia mara tu alipoondoka kwenye kioo. Kila baada ya muda mfupi koti lake huletwa kibandani likiwa limepoteza kifungo kile kile, cha kitovuni.

Yaani mtu anaogopa nisimguse kwa futi, kisha anavaa koti nililolikumbatia kutwa nzima. Mwanzoni niliona ni jambo dogo. Tafadhali kikumbuke kifungo hicho, tutakirudia.

4. Kuhusu jino.

Tarehe 4 niliambiwa mashine ya kiti cha kung'olea imeharibika. Kabla sijajikusanya kuondoka, mzee mmoja aliingia na kutoka akiwa na pamba mdomoni na jino mkononi. Nilimpongeza. Tarehe 11 niliambiwa ganzi imekwisha. Mwenye pamba wa siku hiyo alikuwa mwanafunzi, naye alionekana hana hisia kabisa upande mmoja wa uso.

Tarehe 18 mambo yalikuwa yapo yote, mashine na ganzi, lakini niliambiwa nisubiri niwe wa mwisho. Muuguzi mrefu alinieleza bila kinyongo: "Wewe tunakuweka mwisho, fundi, ili vyombo tuvisafishe vizuri baada yako."

Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Kwani baada ya hawa wengine mnavisafisha vipi?"

"Una maneno mengi kwa mtu anayeumwa jino," akasema.

Nilisubiri mpaka benchi moja ikaisha na ya pili ikabaki na mama mmoja, mteja wangu, ambaye nilikuwa namshonea binti yake gauni la harusi. Hapo sauti ya daktari ikatoka chumbani: "Yule wa dawa bado yupo?" Muuguzi akamjibu kwa sauti ile ile, "Yupo, dokta. Hachoki huyu." Kesho yake asubuhi yule mama alikuja kibandani kuchukua kitambaa chake kikiwa nusu gauni. "Si kwa ubaya, fundi. Ni bwana harusi tu, ana wasiwasi." Bwana harusi huyo ninamfahamu. Ana wasiwasi hata wa kuoa.

Nirudi chumbani. Nilikaa kwenye kiti kikubwa, katikati ya chumba. Daktari alisimama mlangoni. Akawasha tochi ya simu.

"Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Zaidi. Geuka huku. Naam, naliona, limeoza."

Ninakupongeza kwa kuajiri mtu mwenye macho ya namna hiyo. Aliniwekea vidonge vya maumivu kwenye ukingo wa meza, akarudi nyuma, akaniambia nije wiki ijayo tuone. Nikamwambia, "Dokta, mshauri wa kliniki yenu amenieleza kuwa mate hayaambukizi. Na kipimo cha mwisho, mashine yenu wenyewe ilivitafuta virusi ikavikosa." Hakukasirika. Alinijibu kwa upole, mkono kwenye kitasa: "Najua, fundi. Hayo yote nimesoma. Lakini mdomo ni mdomo."

5. Kuhusu mdomo.

Maneno hayo niliyaandika kwenye shajara jioni ile, nikayapigia mstari. Mtu hawezi kusoma meno miaka yote ile kisha aseme ovyo. Kama mdomo wangu ni hatari hata kwa daktari mwenye glavu, barakoa na miwani, aliyesimama mlangoni, basi lipo jambo ambalo mimi kama fundi mwaminifu siwezi kulinyamazia.

Ndugu Mganga Mkuu, uzi mkavu hauingii kwenye tundu la sindano. Ncha yake hutawanyika. Fundi huutia mdomoni, huulainisha kwa ulimi, huubana kwa midomo mpaka uchongoke, ndipo huupitisha. Kifungo kikishakaa, uzi hukatwa kwa meno, kwa sababu mkasi siku zote uko upande wa pili wa meza. Hivyo ndivyo ninavyoshona vifungo, sijui njia nyingine. Kila kifungo kilichoko hospitalini kwako kimepita mdomoni mwangu, na mdomo ni mdomo.

Nimejaribu kufikiri ni nani aliyesalimika, nimemkosa. Matroni ana vifungo kuanzia shingoni mpaka magotini. Karani wa mapokezi amejikinga mikono, lakini kola inayomgusa shingo kutwa nzima imepindwa kwa mkono. Mashuka ya wodi zote yana pindo. Daktari wa meno ndiye anayenitia simanzi zaidi, kwa sababu ya kile kifungo cha kitovuni. Kila kilipokatika kililetwa, na kila kilipoletwa kililambiwa uzi upya. Hakuna tumbo katika mji huu lililozoeana na ulimi wangu kama tumbo lake.

Na wewe mwenyewe, sitaki kukutia hofu. Lakini ile suruali ya kijivu iliyokupasukia ngazini siku ya wakaguzi, ikaletwa kwangu mbio imefungwa kwenye gazeti, niliishona mahali unapopajua, na niliukata uzi kwa meno.

6. Ombi lenyewe.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima na kwa haraka, watumishi wote wavue sare.

Nimefikiria utaratibu ili kazi zisisimame. Wanawake wavulie chumba cha kufulia, wanaume nyuma ya jenereta. Kila nguo ishikwe kwa glavu mbili. Makoti ya daktari wa meno yawekwe mwisho kabisa, ili vyombo visafishwe vizuri baada yake. Watakaosita waitwe kwa sauti kutoka upande wa pili wa korido, utaratibu huo wanaujua. Wagonjwa nitawaomba mimi mwenyewe wasicheke.

Ugumu mmoja upo. Bila sare haitakuwa rahisi kujua nani mtumishi na nani mgonjwa. Wote watakuwa watu tu, wamekaa kwenye benchi, wanaona baridi, wanaogopa kuitwa. Benchi zikijaa, wakalie kile kiti chekundu kwa zamu. Wauangalie mguu wa nyuma.

7. Kuhusu mji mzima.

Sitakuficha kwamba jambo hili halitaishia langoni kwako. Nimeshona sare za shule mbili, za mgambo, za kwaya, na joho la hakimu. Wake na waume wa watu hao huwakumbatia juu ya vifungo. Watoto wachanga hunyonya vifungo vya mama zao, na hapo ndipo ninaposhangaa kwamba mji bado una watu. Hakimu naye itabidi avue. Nimelitafakari suala hili nikiwa nimeshika shavu, na sioni ni kifungo gani tunaweza kukifikia tukasema hapa basi, inatosha.

Ipo njia nyingine, fupi zaidi, ambayo haihitaji mtu kuvua chochote. Daktari wa meno aingie ndani ya chumba chake, avae glavu kama anavyovaa kwa kila mtu, aling'oe jino langu. Mdomo wangu ukishikika, vifungo vyake vinavalika. Usiposhikika, nitakuwa langoni nikisubiri nguo.

Uamuzi wako ninauhitaji mapema. Kutafuna siwezi tena, uji naunywa kwa mrija, na uvimbe umeanza kushuka shingoni. Juzi mke wangu alinikuta nalitazama koleo la fundi baiskeli kwa jicho ambalo hakulipenda.

Nisalimie Matroni na kiuno chake cha zamani. Msalimie karani, umwambie shemeji yake naye namsalimu. Msalimie sana mlinzi wa lango, ambaye hunipa mkono kila asubuhi na mpaka leo hajaanguka. Na nyumbani kwako nisalimie mama watoto, lile gauni lake liko tayari, vifungo vyake ni vidogo na vingi.

Ni mimi jirani yako, mwenye mashavu mawili yasiyolingana,

Fundi wa Sare,
Kibanda cha bati, mkabala na lango.

Nakala: Daktari wa Meno (aisome akiwa mlangoni).

Nyongeza baada ya sahihi, tarehe 25.

Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha mke wangu alipoitoa na kuisoma. Alipofika nambari ya tano alikaa chini.

"Baba Pacha," akaniuliza, "wewe tangu lini unashona vifungo?"

Nalazimika kueleza. Mimi nakata kitambaa na kuendesha cherehani. Vifungo, pindo na kazi zote za mkono ni za mke wangu, tangu macho yangu yalipoanza kulikosa tundu la sindano, na hilo lilianza zamani kabla sijapima. Nilipoandika "mimi", niliandika kama mwenye kibanda anavyosema mimi. Ulimi ni wake. Naye hupima hospitalini kwako kila mwaka, hana virusi. Kwa hiyo hoja yangu imekufa, hakuna anayehitaji kuvua, na naomba ufute nambari ya tano mpaka ya saba. Hata suruali yako ya kijivu aliishona yeye, na anasema anaikumbuka.

Lakini leo asubuhi mke wangu huyo huyo alichukua koti la daktari wa meno, ambalo lilikuwa limeletwa tena kwa ajili ya kifungo kile kile, akalipeleka mwenyewe bila kukishona. Alimvalisha pale kwenye korido, mbele ya benchi zote mbili, akatoa sindano, akaulamba uzi bila haraka, akashona, akainama akaukata kwa meno kwenye kitovu cha mtu.

"Asante, mama," daktari akasema.

"Usinishukuru mimi. Hivi ndivyo mume wangu anavyokushonea miaka yote. Ulimi hivi, meno hivi."

Daktari akakiangalia kifungo. Kisha akaviangalia vile vingine, kimoja kimoja, kutoka kifuani kushuka chini.

"Miaka yote?"

"Miaka yote, baba."

"Na sijapata kitu."

"Umepata kitambi tu."

Benchi zikacheka. Mke wangu anasema hata muuguzi mrefu alicheka, huku akilivuta gauni lake chini. Daktari alivua koti, akasimama na fulana, akalitazama. Hakuwa na jingine, na foleni ilikuwa inasubiri. Akalivaa tena, akafunga vifungo vyote.

"Mlete," akasema.

Jino limetoka. Liko mbele yangu kwenye kisosi, dogo kuliko nilivyolitukana. Daktari aliingia chumbani mpaka nikaona jasho kwenye nyusi zake, akavaa glavu jozi moja, kama kwa yule mzee, kama kwa yule mwanafunzi. Kabla ya sindano ya ganzi aliniuliza, "Linauma sana, fundi?" Nami niliyejaza nambari saba za malalamiko nikaitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Kile kiti chekundu nimeondoka nacho. Mguu nimeufunga kwa waya, na wateja wanakikalia hapa kibandani. Ukikihitaji, njoo ukichukue mwenyewe, nitakupima na suruali. Yule binti wa tarehe 11 akirudi, mwambieni akae kwenye benchi.

La mwisho, Ndugu Mganga Mkuu. Nakala ya daktari wa meno nimeichana. Suala la ulimi ni wa nani, nakuomba sana libaki kati yako na mimi. Amenipangia nirudi mwezi ujao. La kushoto nalo limeanza.